Haya Isiwe Pazia la Maradhi: Uvimbe wa Korodani Usio Saratani



Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa hapa pwani. Ameiandika kwa mkono, na ameomba radhi mara tatu kabla ya kulitaja jambo lenyewe. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 6. Katika muda wa miezi michache, kanzu aliyomshonea ya Idd ilimpanda hadi katikati ya miundi. Sauti yake ikawa nzito, uso ukatoa chunusi, na siku moja alipokuwa akimwogesha, mama aliona nywele mahali ambapo mtoto wa umri ule hana nywele. Mawifi walicheka, wakasema mtoto amemfuata babu yake, amekuwa bwana kabla ya wakati. Bibi yake akasema ni jicho la watu, asomewe. Zahanati ya kwanza walimwambia kwamba watoto hutofautiana katika kukua, angoje.

Mama hakuridhika. Alipomwogesha tena alihisi kuwa korodani moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili, na ndani yake mlikuwa na kitu kigumu mfano wa punje ya mbaazi. Hapo ndipo ulimi ulipofungwa. Akakaa na siri hiyo wiki sita. Kumwambia baba wa mtoto aliona haya, na kumwambia mama mkwe aliogopa maneno. Mwishowe alimfungulia moyo dadake, na dadake ndiye aliyewapeleka kwa daktari wa watoto. Barua aliiandika usiku wa kuamkia vipimo, nayo ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, hii ni saratani, na mwanangu atakatwa? La pili: ikiwa ameota nywele, je, amebaleghe, na sala na saumu zimemlazimu?

Tumemjibu faraghani, na kwa idhini yake tunaliandika jambo hili hapa. Tunaamini ziko nyumba nyingine zenye siri kama hii.

Haya na kutafuta elimu

Haya ni pambo la Muislamu, mwanamume na mwanamke, wala hatuandiki safu hii ili kuipunguza. Lakini haya ina mipaka yake. Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Ummu Sulaym (r.a.) alimwendea Mtume wetu (s.a.w.) akamuuliza juu ya jambo la faragha ambalo wengi wangelimeza, akajibiwa, na jibu lake limeufaa umma mzima hadi leo. Mtume (s.a.w.) pia alituhimiza kutafuta tiba, akatufunza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Basi anayeficha uvimbe kwa miezi kwa ajili ya haya ameiweka haya mahali pasipo pake.

Tutatumia neno korodani, ambalo ndilo la adabu na ndilo wanalolitumia madaktari wetu. Mwanamume ana korodani mbili ndani ya kifuko chake. Ndani ya kila korodani mna seli zinazogeuka kuwa mbegu za uzazi. Pembeni mwa hizo ziko seli za Leydig, zilizopewa jina la mtaalamu wa Ujerumani Franz Leydig aliyezieleza mwaka 1850. Kazi yake ni kutengeneza homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ile inayoleta ndevu, sauti nzito na misuli. Ziko pia seli za Sertoli, zilizoelezwa na Muitaliano Enrico Sertoli mwaka 1865, ambazo hulea mbegu kama yaya anavyolea mtoto. Seli ya aina yoyote kati ya hizi inaweza kuota kupita kiasi ikafanya uvimbe, na jina la uvimbe hufuata jina la seli.

Busha si uvimbe huu

Pwani yetu ina sababu ya pekee ya kuchanganya mambo. Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Mombasa ni nchi za matende, yaani maradhi ya minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Minyoo hiyo huziba njia za maji ya mwili, na kwa wanaume hujitokeza kwa busha. Kila mmoja wetu amemjua mzee mwenye busha. Kwa sababu hiyo, kijana akisema kifuko kimevimba, jibu la haraka barazani ni: hilo ni busha, au ni ngiri, halina haraka.

Busha ni maji yaliyokusanyika kuizunguka korodani. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumbo yaliyoteremka kupitia kinena. Kuna pia mishipa ya damu iliyopanuka juu ya korodani, na kuna uvimbe wa maambukizo unaokuja na maumivu na homa. Yote haya huanzia nje ya korodani yenyewe, na kwa kawaida si saratani. Ubaya ni kwamba maji ya busha yanaweza kuificha korodani yenye uvimbe ndani yake, mkono usiweze kuuhisi. Kwa hiyo hata anayeamini kuwa ana busha anastahili kupimwa kwa ultrasaundi, na hasa akiwa kijana.

Tuongeze onyo moja kabla ya kuendelea. Mtoto au kijana akipatwa na maumivu makali ya ghafla ya korodani, pamoja na kichefuchefu au kutapika, hilo si jambo la kungoja asubuhi. Huenda korodani imejisokota na damu haifiki. Muda wa kuiokoa ni saa chache tu, na kila saa baada ya ile ya sita hupunguza matumaini. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Uvimbe ulio ndani ya korodani

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Kwa mwanamume aliyekwisha kubaleghe, uvimbe mgumu uliomo ndani ya korodani mara nyingi huwa ni saratani, na daktari ana wajibu wa kuudhania hivyo mpaka ithibitike vingine. Saratani hiyo huwapata zaidi vijana na watu wa makamo kuliko wazee. Habari njema ni kwamba ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kuliko nyingi, ikiwa itawahiwa.

Lakini si kila uvimbe wa ndani ni saratani. Iko aina michache, adimu, ambayo haisambai mwilini wala haiui. Kwa watoto ambao hawajabaleghe hali hugeuka: sehemu kubwa ya uvimbe wa korodani zao si saratani. Jambo hili halijulikani vya kutosha, na kutojua huko kumeleta madhara ya pande mbili. Wako wanaoogopa jina la saratani wakaficha mpaka ikawa saratani kweli iliyosambaa. Na wako waliokatwa korodani nzima kwa uvimbe ambao ungeweza kutolewa peke yake.

Uvimbe wa epidamoidi huwapata zaidi vijana wa kiume na wanaume wa umri wa miaka 20 hadi 40. Ni kifuko kilichojaa utando mkavu mweupe, wa aina ile ile inayojenga ngozi na kucha. Hauumi, hukua polepole, na mara nyingi mwenyewe huugundua akioga. Katika picha ya ultrasaundi huonekana kwa duara ndani ya duara, sawasawa na kitunguu maji kilichokatwa katikati. Mama zetu watalielewa umbo hilo mara moja. Uvimbe huu hauna damu inayopita ndani yake, na ukithibitika, kuutoa peke yake ndiyo tiba kamili.

Teratoma ni uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu, pengine nywele, mafuta au gegedu. Kwa mtoto mdogo si saratani. Kwa mwanamume aliyebaleghe, uvimbe wenye jina hilo hilo huhesabiwa kuwa saratani, kwani unaweza kusambaa. Tofauti hiyo ni kubwa hata Shirika la Afya Duniani, katika mpangilio wake wa uvimbe wa mwaka 2016, liliitenganisha teratoma ya kabla ya baleghe na ile ya baada yake. Kwa hiyo umri wa mgonjwa ni sehemu ya uchunguzi, na mtu asichukue habari za mtoto wa jirani akazifanya dawa ya mumewe.

Uvimbe wa seli za Sertoli ni adimu zaidi. Aina yake moja, yenye chembe za chokaa zinazong'aa katika picha, huweza kufuatana na maradhi ya kurithi yanayotambulika kwa madoadoa meusi midomoni au usoni. Daktari akiikuta atamkagua mtoto mwili mzima, na pengine atawakagua ndugu zake.

Uvimbe wa adenomatoidi huota aghalabu kwenye mrija wa mbegu ulio nyuma ya korodani. Ni kidonge kidogo kigumu, na si saratani.

Kisha kuna uvimbe wa seli za Leydig, nao ndio unaotuhusu katika barua hii. Kwa kuwa seli hizo ndizo kiwanda cha homoni ya kiume, uvimbe wake huifanya homoni hiyo bila ya amri ya ubongo. Mtoto wa miaka 5 hadi 10 huanza kubadilika kuwa mwanamume kabla ya wakati: urefu wa haraka, nywele, chunusi, harufu ya jasho la mtu mzima, sauti nzito, uume mkubwa kuliko umri. Kwa watoto, uvimbe huu hauwi saratani. Kwa watu wazima wengi wao si saratani, ingawa wachache hugeuka kuwa, na kwa sababu hiyo hufuatiliwa. Dalili za mtu mzima ni nyingine: matiti huvimba na kuuma, hamu ya unyumba hupungua, na pengine mtoto hapatikani. Ni mara ngapi mke amelaumiwa kwa kukosa mtoto, akazungushwa kwa waganga na kwa dawa za mitishamba, na mume hajawahi kupimwa hata mara moja? Wanaume wanaochunguzwa kwa ajili ya uzazi hupigwa picha ya korodani, na baadhi yao hukutwa na uvimbe mdogo ambao hawakuujua, na mwingi wa uvimbe mdogo namna hiyo huwa si saratani.

Daktari hujuaje?

Kwanza huuliza na hugusa. Kwa mtoto kama huyu wa barua, kidole cha daktari hutafuta jambo moja kubwa. Baleghe ya mapema inayotokana na ubongo hukuza korodani zote mbili kwa pamoja. Ile inayotokana na uvimbe wa Leydig mara nyingi huiacha moja ikiwa ndogo ya kitoto, na nyingine ikiwa kubwa. Yule mama aliligundua hilo kwa kiganja chake kabla ya daktari yeyote.

Pili ni ultrasaundi. Haina mionzi, haina maumivu, na hukamilika kwa dakika chache. Huonyesha kama uvimbe uko ndani au nje, kama ni maji au ni nyama, una ukubwa gani, na kama damu hupita ndani yake.

Tatu ni damu. Kwenye karatasi ya maabara wasomaji wataona herufi AFP, hCG na LDH. Hivi ni vitu ambavyo aina kadhaa za saratani ya korodani huvimwaga katika damu. Vikipanda, dhana ya saratani hupata nguvu. Vikiwa sawa, dhana hupungua lakini haifutiki, kwani saratani nyingine hazivipandishi. Ni muhimu damu itolewe kabla ya upasuaji. Tena kwa mtoto mchanga wajue kuwa AFP huwa juu kwa maumbile katika miezi ya mwanzo ya maisha, na namba kubwa peke yake isiwashtue wazazi. Anapobadilika mtoto mapema, hupimwa pia testosteroni na homoni za ubongo, na hupigwa picha ya mifupa ya kiganja ili kuona mifupa imezeeka kiasi gani.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho tunawasihi wazazi wakiulize. Wako watoto wanaozaliwa na hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo zikikosa dawa, huweza kuotesha vinundu ndani ya korodani, mara nyingi zote mbili, na mtoto akabaleghe mapema vile vile. Vinundu hivyo hufanana na uvimbe wa Leydig hata chini ya darubini. Lakini tiba yake ya kwanza ni vidonge vya homoni inayokosekana, si kisu. Kipimo cha damu hutenganisha mambo haya mawili, nacho kikisahauliwa mtoto anaweza kupasuliwa bila ya haja.

Jambo ambalo halifanywi ni kuchoma sindano kupitia ngozi ya kifuko ili kunyonya kipande cha uvimbe. Njia za maji ya korodani hupanda tumboni, karibu na figo, kwa sababu huko ndiko korodani zilikoumbwa kabla ya kushuka. Njia za ngozi ya kifuko huelekea kinenani. Ikiwa uvimbe ni saratani, sindano inayopita katika ngozi huweza kuufungulia mlango ambao haukuwa nao. Kwa hiyo hata upasuaji wake hufanywa kupitia kinenani, mahali pale pale panapopasuliwa ngiri.

Kutoa uvimbe, kuacha korodani

Zamani kanuni ilikuwa moja: uvimbe ndani ya korodani, korodani yote hutolewa. Kwa mtu mzima mwenye uvimbe mkubwa, au mwenye vipimo vya damu vilivyopanda, kanuni hiyo ingali sahihi, na kuichelewesha ni hatari. Lakini kwa mtoto ambaye AFP yake iko sawa, au kwa mtu mzima mwenye uvimbe mdogo ambaye vipimo vyake viko sawa na picha yake inaashiria heri, upo upasuaji wa kuihifadhi korodani.

Mgonjwa hulazwa usingizi. Daktari hupasua kinenani, huutoa mshipa unaoibeba korodani, huubana kwa upole ili damu isipite, kisha huichomoa korodani kwa juu. Huufungua utando wake na kuuchopoa uvimbe pamoja na ukingo mwembamba wa nyama iliyo salama. Uvimbe hupelekwa mara moja kwa daktari wa patholojia, ambaye huugandisha kwa baridi, akaukata vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini, na mgonjwa angali mezani. Jibu likiwa kwamba si saratani, korodani hushonwa na kurudishwa mahali pake. Likiwa saratani, au likiwa la shaka kubwa, korodani hutolewa kupitia tundu lile lile. Jibu la mwisho huja baada ya siku kadhaa, uvimbe ukishatayarishwa kikamilifu, na mara chache hutofautiana na lile la kwanza. Mgonjwa aambiwe hilo mapema.

Si kila hospitali ina daktari wa patholojia anayeweza kusoma kipande papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi karatasi ya upasuaji, familia iulize maswali haya:

Je, uvimbe uko ndani ya korodani au nje yake?
Je, damu ya AFP, hCG na LDH imekwisha kutolewa?
Kwa mtoto: je, maradhi ya tezi za juu ya figo yamepimwa?
Je, inawezekana kutoa uvimbe peke yake, na kama haiwezekani, ni kwa nini?
Je, kuna mtu wa kuusoma uvimbe wakati wa upasuaji, au tupewe barua ya kwenda hospitali kubwa?
Je, bima yetu ya SHA italipa nini, na sisi tutalipa nini?

Kuuliza si kumkosea adabu daktari, na daktari mwema huyapenda maswali.

Na ikiwa korodani moja italazimika kutolewa, wake na mama wasivunjike moyo. Korodani moja iliyo salama hutosha kwa kawaida kwa homoni, kwa unyumba na kwa kupata watoto. Uanaume hauhesabiwi kwa idadi.

Jibu la yule mama

Alhamdulillahi, vipimo vya mtoto vilirudi. Testosteroni ilikuwa ya mtu mzima, na homoni za ubongo zilikuwa chini, kama kwamba ubongo umelala na kiwanda kinafanya kazi chenyewe. AFP na hCG zilikuwa sawa, na tezi za juu ya figo zilikuwa salama. Picha ilionyesha uvimbe mmoja mdogo. Alipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, akapasuliwa kinenani, uvimbe ukatolewa peke yake, na jibu likawa la Leydig, si saratani. Korodani yake anayo.

Hata hivyo hatukumficha yaliyobaki. Testosteroni hushuka upesi uvimbe ukitoka, na chunusi na hasira za ghafla hupungua. Sauti iliyokwisha kuwa nzito huenda isirudi. Mifupa iliyozeeka mapema hairudi utotoni, na mtoto aliyekuwa mrefu kuliko wenzake chuoni leo huenda akawa mfupi kuliko wao kesho, kwani mifupa itafunga mapema. Baadhi ya watoto hawa, baada ya uvimbe kutoka, ubongo wao huamka na kuanza baleghe ya kweli kabla ya umri, nayo huzuiwa kwa sindano za dawa mpaka wakati wake. Kwa hiyo atarudi kwa daktari wake kwa miaka, kupimwa urefu, damu na picha. Mtoto akionekana mzima, safari hizo zisikatizwe.

Swali lake la pili tulimpelekea shekhe wetu. Jibu lilikuwa hili: katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, umri wa chini kabisa wa kubaleghe ni miaka 9 ya mwandamo. Nywele na sauti zilizoletwa na maradhi kwa mtoto wa miaka 6 hazimfanyi mukallaf. Aendelee kufunzwa sala kama mtoto, kwa upole, wala asichekwe. Aliye na hali yake ya pekee amuulize shekhe wake mwenyewe.

Tufanyeni nini majumbani

Mama anayemwogesha mwanawe mdogo ndiye mlinzi wa kwanza. Amtazame kila mara: je, korodani ni mbili, na zimeshuka? Ile ambayo haijashuka hadi miezi 6 ionyeshwe kwa daktari, kwani ikiachwa juu huharibika, na baadaye huongeza hatari ya saratani. Siku ya kumtahiri mtoto ni fursa nyingine. Muombeni daktari azipapase zote mbili kabla ya kuanza kazi.

Mtoto akikua, kazi hii ni ya baba, ami au kaka mkubwa. Kijana afunzwe kwamba mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, azizungushe korodani zake taratibu kati ya kidole gumba na vidole viwili. Moja kuwa kubwa kidogo, au kuning'inia chini zaidi, ni maumbile. Kinundu kigumu, uzito usio wa kawaida au mabadiliko ya umbo ndiyo ya kuripotiwa. Asiambiwe tu kwamba huko ni aibu, kwani siku atakayoona jambo atakumbuka neno hilo, akanyamaza.

Mke akimwona mumewe anaficha maumivu, au kifua chake kimevimba, azungumze naye kwa siri na kwa heshima, mahali ambapo watoto na wakwe hawapo. Wanaume wengi hawamwogopi daktari kama wanavyoogopa kuchekwa. Amuahidi kufuatana naye, na atimize.

Na juu ya uchi, wanazuoni wetu wamekwisha kutufunza kwamba dharura huruhusu kinachokatazwa, kwa kadiri ya haja. Mwanamume atibiwe na tabibu mwanamume akipatikana, kifunuliwe kile tu kinachohitajiwa, na kwa muda unaohitajiwa. Akikosekana, tiba isiachwe.

Kisomo na dua tuviendeleze, navyo viende pamoja na safari ya hospitali. Bibi wa yule mtoto alimsomea Yasin asubuhi ya upasuaji, akamshika mkono hadi mlangoni. Mama anasema kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu nyumbani mwao anayelitaja jambo hili kwa kunong'ona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, awalinde watoto wetu, na awape mama zetu ulimi wa kusema kwa wakati. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.